Kumtoa mtu LinkedIn hadi kwenye simu yako: mtandao wa kikazi kwa aliye Mwanza

Kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, ukifikisha watu 500 uliounganishwa nao hesabu inaacha kuonekana. Anayefungua ukurasa wako anaona 500+ tu, uwe na watu 501 au 9,000. Swali lenye uzito ni jingine: katika hao wote, wangapi wakiona namba yako inaita saa nne asubuhi watapokea, huku wakijua wewe ni nani na unafanya nini? Hao ndio mtandao wako wa kikazi. Kwa kawaida wanaenea kwenye kurasa mbili za daftari.

Nawaandikia walio Mwanza na miji mingine ya kando ya ziwa, wenye ujuzi mkononi, lakini wanaoamua nani apewe kazi wanakaa Dar es Salaam, Geita, Kisumu au Kampala. Mfano nitakaoutumia ni kijana aliyesoma ufugaji samaki kwenye chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi, sasa anasimamia vizimba vya sato (nyavu za kufugia samaki ziwani) upande wa Igombe. Kama wewe ni mhasibu, fundi umeme au mtu wa maabara pale hospitali ya Bugando, badilisha majina ya vitu. Hatua ni zilezile.

Kwanza tuelewane ni mtu gani anayefaa kutafutwa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza kwamba habari za kazi huwafikia watu zaidi kupitia wale wanaofahamiana kwa mbali kuliko marafiki wa ndani. Sababu inaeleweka: rafiki yako wa karibu anasikia yaleyale unayoyasikia wewe. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika ndani ya LinkedIn kwa miaka mitano, yakihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20. Waliosaidia zaidi watu kupata kazi mpya walikuwa wale wa umbali wa kati, wenye marafiki wachache wa pamoja na mhusika. Lakini matokeo hayohayo yana kipengele ambacho wengi hukiruka: kwenye sekta zisizotegemea sana teknolojia za kidijitali, uhusiano wa karibu ndio uliosaidia zaidi.

Sasa angalia kinachoendesha Mwanza: samaki, mizigo ya ziwani, ujenzi, madini ya majirani zetu Geita na Shinyanga, hospitali, vyuo. Sehemu kubwa ya kazi hizi bado inapita kwa simu na kuaminiana. Kwa hiyo LinkedIn inakupa mtu wa umbali wa kati ambaye usingekutana naye Igombe, halafu kazi yako ni kumsogeza karibu hadi awe mtu wa WhatsApp na wa kupigiwa. Anayeishia hatua ya kwanza ana orodha ndefu isiyomsaidia. Anayeruka hatua ya kwanza anabaki na watu wa mtaani kwake tu, wote wakigombea kizimba kimoja.

Ukurasa wako kabla hujamwomba mtu

Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye mipangilio uzime ile taarifa ya kuwatangazia watu kila unapobadilisha ukurasa. Usipoizima, utarekebisha herufi moja kwenye cheo chako na watu watakupongeza kwa kazi mpya ambayo huna.

Mstari ulio chini ya jina lako unabeba herufi 220. Wengi huandika pale kwamba ni wahitimu wanaotafuta fursa. Anayetafuta mtu wa kazi haandiki neno “mhitimu” kwenye kisanduku cha kutafutia; anaandika kazi yenyewe, kitu kinachofanyiwa kazi na mahali. Kijana wetu ataje sato, ataje vizimba, ataje Ziwa Victoria na Mwanza, kisha kiasi anachosimamia. Mstari huo auandike kwa Kiingereza, kwa sababu anayemtafuta akiwa Jinja au Nairobi atatafuta kwa Kiingereza. Posti zake anaweza kuziandika kwa Kiswahili, na mara nyingi ni vizuri zaidi.

Sehemu ya maelezo inaruhusu herufi 2,600, ila kwenye simu inaonekana mistari michache tu ya mwanzo mpaka mtu abonyeze kuendelea. Weka tarakimu zako kwenye mistari hiyo: vizimba vingapi, vya ukubwa gani, samaki wangapi waliopandikizwa, wastani wa uzito wakati wa kuvuna. Kama taaluma yako ina bodi ya usajili, kwa mfano ERB kwa wahandisi, NBAA kwa wahasibu au PSPTB kwa wataalamu wa ununuzi na ugavi, taja daraja la usajili wako mapema. Mwajiri makini atalitafuta hilo kabla ya kusoma kitu kingine.

Picha: uso uonekane, mwanga utoke mbele yako, isipungue pikseli 400 kwa 400. Mimi nashauri joho la mahafali libaki ukutani nyumbani. Linaeleza kwamba ulimaliza chuo, na hilo limeshaandikwa kwenye elimu. Picha ukiwa umevaa jaketi la kujiokolea, umesimama kwenye kizimba, inaeleza kwamba uko kazini.

Badilisha pia anwani ya ukurasa wako. LinkedIn hukupa jina lenye mkia wa tarakimu na herufi zisizosomeka. Unaweza kulifuta ukaweka jina lako tu baada ya linkedin.com/in/. Anwani fupi inaandikika kwenye CV na kwenye kadi, na mtu anaweza kuitamka kwa simu.

Programu ikikuomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yako, kataa. Ukikubali, ni rahisi kujikuta umepeleka mialiko kwa muuza mkaa, mama mwenye nyumba na dereva wa bodaboda wa Buzuruga. Na kwenye mipangilio zima video zinazojicheza zenyewe. Hizo ndizo zinazomaliza bando kabla hujafanya chochote cha maana.

Kumpata mtu mwenyewe

Njia ninayoiamini kuliko zote inapitia chuoni. Fungua ukurasa wa chuo chako, iwe SAUT, CUHAS, UDSM au kingine, ingia sehemu ya waliosoma hapo. Utaona vichujio: wanaishi wapi, wanafanya kazi wapi, wanafanya nini. Weka Tanzania, kisha weka fani. Punguza mpaka wabaki watu 20 hadi 40. Hao mna kitu cha kuanzia mazungumzo, na wengi wao mtakuwa na mtu mmoja au wawili wa pamoja. Kijana wetu akimaliza wa chuo chake, atafute watu wa TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), wauzaji wa chakula cha samaki, wenye vituo vya kuzalisha vifaranga, na wenzake wa upande wa pili wa maji: Jinja kuna makao makuu ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, na Kisumu vizimba ni biashara kubwa. Ziwa ni moja, na matatizo ya maji hayajui mpaka.

Ombi la kuunganishwa lenye ujumbe linafanya kazi vizuri kuliko ombi tupu, lakini akaunti ya bure inapewa maombi machache tu ya namna hiyo kwa mwezi, na ujumbe wenyewe usizidi herufi 200. Usiyamalize kwa watu wa karibu ambao wangekubali hata bila maelezo. Yaweke kwa wale wasiokujua. Ujumbe uwe hivi:

“Habari za kazi Mhandisi. Nasimamia vizimba 4 vya sato Igombe, Mwanza. Nimesoma posti yako ya chakula kinachoelea, imenisaidia. Naomba niwe nafuatilia kazi zako.”

Hapo kuna nani, wapi, kwa nini yeye, na unaomba nini. Linganisha na ule unaotumwa kila siku: “Habari mkuu, naomba unisaidie kazi yoyote.” Ubaya wa ujumbe huu wa pili hauko kwenye adabu. Tatizo ni kwamba unamwachia msomaji kazi yote: akuulize umesoma nini, uko wapi, unaweza nini, kisha aanze kukufikiria. Mtu mwenye shughuli hataanza.

LinkedIn ina kikomo cha maombi kwa wiki, na watu wengi wakijibu kwamba hawakujui, akaunti inabanwa. Maombi 10 yaliyochaguliwa kwa wiki yanatosha kabisa. Ambayo hayajajibiwa kwa mwezi mzima yaondoe mwenyewe. Ila ujue ukishaliondoa, utasubiri hadi wiki tatu ndipo uweze kumwomba tena mtu huyohuyo.

Akishakubali

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu amebonyeza kukubali, na kabla hajafunga simu CV imeshaingia. Subiri siku moja au mbili. Soma alichoandika karibuni. Kisha uliza swali moja ambalo anaweza kulijibu kwa mistari miwili akiwa kwenye daladala:

“Asante kwa kunikubali. Nina swali dogo: kwa sato wa gramu 50, nyie mnalisha mara ngapi kwa siku wakati maji yamepoa?”

Swali la namna hii linafanya mambo mawili kwa pamoja. Linamwonyesha kwamba kazi unaijua, na linampa nafasi ya kusaidia bila gharama. Swali la “nipe ushauri kuhusu maisha ya ufugaji” halijibiki, kwa hiyo halijibiwi.

Akijibu, tumia jibu lake, kisha baada ya wiki moja au mbili mrudishie mrejesho: ulifanya nini, ikatokea nini, hata kama matokeo hayakuwa mazuri. Ningeulizwa nichague tendo moja tu katika yote haya, ningechagua hilo. Watu wanaoomba ushauri ni wengi, wanaorudi kusema ulifanya kazi ni wachache mno, na aliyekushauri anakumbuka waliorudi.

Baada ya kubadilishana jumbe mara mbili au tatu, sasa hamia WhatsApp. Usimwombe namba yake. Mpe yako, uamuzi ubaki kwake. “Nina picha za mizani na chati ya ulishaji, zinafunguka vizuri zaidi WhatsApp. Namba yangu ni hii, ukipata nafasi nitumie neno moja nikutumie.” Kiungo cha wa.me humrahisishia: wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu tisa za namba yako, bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Sifuri ikibaki, kiungo hakifunguki, na kosa hili linaonekana kwenye kadi za biashara nyingi.

Kabla hajafika huko, hakikisha WhatsApp yenyewe inafanana na mtu wa kazi. Ukiwa umeweka picha yako ionekane kwa watu uliowahifadhi tu, mgeni ataona duara tupu na ataogopa tapeli. Iache wazi kwa wote. Sehemu ya maelezo mafupi ina herufi 139. Andika kazi na eneo. Jina liwe lako kamili, si “Mtoto wa Rock City”. Stetasi za muziki na mizaha ya usiku unaweza kuwaficha watu wa kazi wasizione. Mipangilio inaruhusu kuchagua nani asione.

Mwombe pia ahifadhi namba yako. Sababu ni ya kiufundi: ujumbe wa orodha ya matangazo, ambayo hubeba watu hadi 256, haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako, na kwa mipangilio ya kawaida stetasi zako hataziona. Njia rahisi ni kumtumia kadi ya mawasiliano ambayo jina lake tayari limeandikwa pamoja na kazi na mahali, ili abonyeze kuhifadhi tu. Nawe mhifadhi vivyo hivyo. “Asha Vifaranga Kisumu” utamkumbuka mwakani. “Asha 3” hutamkumbuka.

Salamu zina uzito wake. LinkedIn “habari za kazi” inatosha kwa kila mtu. Mkishahamia WhatsApp na ukajua mwenzako ni mtu mzima wa umri wa wazazi wako, anza na shikamoo, hata kama mnazungumzia bei ya nyavu. “Mwangaluka” iache mpaka uwe na uhakika mnaelewana Kisukuma. Kwa mgeni inaweza kuonekana umezoea haraka. Salamu na hoja viende kwenye ujumbe mmoja. Kutuma “Mambo” peke yake kisha kusubiri ajibu ni kumfanya mtu afungue simu mara mbili kwa shida yako. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu usimtumie mtu asiyekufahamu. Hawezi kuusikiliza kwenye kikao, na hawezi kuutafuta tena baadaye.

Magrupu

Grupu moja la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024. Kwa kazi, grupu la watu 60 wanaojuana kwa majina lina faida kuliko hilo kubwa. Usiombe kiungo hadharani. Omba mwanachama mmoja akuingize kwa jina, na ukishaingia jitambulishe mara moja: jina, kazi, eneo, na kitu kimoja unachoweza kuwasaidia wengine. Kisha kaa kimya siku kadhaa uone grupu linakwendaje, nani anajibu kweli na nani anaforwadi tu.

Picha za maua zenye “asubuhi njema” zinakupunguzia heshima polepole. Habari usiyoijua chanzo chake inaweza kukupeleka pabaya zaidi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo na pia jumbe zisizoombwa. Na swali linalomhusu mtu mmoja mpelekee yeye pembeni.

Kuna jambo ambalo miongozo ya kigeni haitakuambia. Kwenye magrupu yetu, mwanachama akifiwa, orodha ya rambirambi huanza kuzunguka: namba moja fulani, namba mbili fulani, kila mmoja na kiasi chake. Kutoa kidogo kwa wakati ni sehemu ya kazi hii kama ilivyo kujibu swali la kitaalamu, na si unafiki kusema hivyo; ndivyo watu wanavyojua nani yuko pamoja nao. Angalia tu jina lililosajiliwa kwenye laini unayotumia kutuma pesa lifanane na jina lako la kwenye grupu. Mweka hazina akiona jina la shangazi yako, mchango wako unabaki bila mwenyewe.

Ukifungua grupu lako, anza na watu 12 hadi 25 uliowauliza kila mmoja kwanza. Kumtumbukiza mtu bila kumwuliza kunaianika namba yake kwa wasiomjua, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Weka maadmini wawili au watatu wenye laini za mitandao tofauti. Admini akiwa mmoja na laini yake ikipotea, grupu linabaki bila mwenye funguo; na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na namba ikauzwa kwa mtu mwingine. Andika kanuni tatu tu kwenye maelezo ya grupu: linahusu nini, matangazo ya biashara yaruhusiwe siku gani, siasa zisiingie. Ukifunga grupu ili maadmini peke yao waandike, baada ya miezi michache hakuna atakayelifungua. Kila Jumatatu uliza swali moja la kazi na umtaje kwa jina mmoja anayelijua jibu. Kimya kinavunjika hapo.

Uandike nini

Posti ya LinkedIn inaruhusu herufi 3,000, na nyingi hazihitaji hata robo. Hotuba za kutia moyo achia wanasiasa. Mtu wa fani yako anakuamini akipata kwako kitu alichoweza kukitumia kesho yake.

Chukua tatizo la oksijeni kwenye vizimba. Usiku mwani hauzalishi oksijeni, unaitumia, kwa hiyo kiwango kinakuwa chini kabisa alfajiri. Upepo mkali ukivuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa ya kutosha yanaweza kupanda juu. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, sato hupunguza kula; ikizidi kushuka, wanaanza kuhema juu ya maji. Posti nzuri ingeandikwa hivi: tarehe, saa, eneo kwa ujumla, kina cha mita 1 na cha mita 4, kipimo kilisoma ngapi, upepo ulikuwa wa upande gani siku iliyotangulia, ulipunguza chakula kwa kiasi gani, samaki walirudi kula lini. Mistari kumi na picha moja ya kipimo. Mfugaji wa Musoma au wa Kisumu atakutafuta yeye mwenyewe, hutahitaji kumwomba lolote.

Mambo matatu ya kuchunga. Vipimo na mavuno ni mali ya mwajiri wako. Pata ruhusa ya mwenye mradi kabla hujaviweka hadharani. Picha isionyeshe uso wa kibarua ambaye hukumwomba, wala nyaraka zenye bei za wateja. Na kama hukupima, usikadirie. Mtaalamu mmoja akikukamata na tarakimu ya kubuni, zote zilizotangulia zinakufa.

Posti moja kwa wiki mbili inatosha. Maoni yenye maana chini ya posti za wengine, mara tatu kwa wiki, yanakuleta mbele ya watu wengi kuliko posti zako mwenyewe ukiwa bado mdogo. “Hongera sana” si maoni yenye maana.

Daftari

Hifadhi namba zako kwenye akaunti ya barua pepe, si kwenye laini wala kwenye simu peke yake. Kisha kuwa na jedwali, la karatasi au la simu, lenye safu sita: jina, kazi na mahali, nani aliwakutanisha, mliwasiliana mwisho lini, ulimwahidi nini, alikuahidi nini. Safu ya tano ndiyo inayojenga au kubomoa jina lako. WhatsApp ya biashara ina lebo hadi 20 ambazo zinasaidia kupanga, lakini hazikukumbushi ahadi.

Chagua watu 36. Ukiwagusa watatu kila wiki, wote utawapitia ndani ya wiki 12. Kumgusa mtu kunaweza kuwa tangazo la kazi linalomfaa yeye, jibu la swali aliloliuliza kwenye grupu, au mrejesho. Aliyenyamaza mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, basi. Mkumbusho wa pili unamgeuza kuwa mtu anayekukwepa.

Ukiwakutanisha watu wawili, waulize wote kwanza, kila mmoja kwa ujumbe wake. Wakikubali, waandikie pamoja mistari mitatu: huyu ni nani, yule ni nani, kwa nini nadhani mzungumze. Kisha ondoka.

Na usiweke watu wote kwenye programu moja. Mei 2025 mtandao wa X (zamani Twitter) ulizuiwa nchini, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa. Mtu uliyekuwa naye LinkedIn peke yake hukuwa na njia ya kumfikia. Kwa wale 36, uwe na namba ya kupiga ya kawaida pamoja na barua pepe.

Matapeli

Wanakuja kwa nguo za kazi. Tangazo la kiwanda cha samaki au mgodi lenye nembo halisi, “afisa rasilimali watu” mwenye picha nzuri, na mwishoni pesa ya usajili, ya vipimo vya afya au ya sare. Kazi za serikali hupitia mfumo wa Ajira wa Sekretarieti ya Ajira, na kuomba humo hakulipiwi. Kwa kampuni binafsi, tafuta namba ya ofisi mwenyewe nje ya tangazo, upige. Angalia pia ukurasa wake wa LinkedIn ulifunguliwa lini na ana watu gani wa pamoja na wewe. Aliyefungua mwezi huu akiwa na watu 12 wa nchi sita hana haraka ya kukuajiri.

Msimbo wa tarakimu sita unaoingia kwenye simu yako usimpe mtu yeyote, hata akiwa “admini wa grupu”. Huo ndio unaohamisha WhatsApp yako kwenda kwake, na atakachofanya mara moja ni kuwaomba pesa wale watu 36 kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo. Namba za kitapeli zipelekwe kwa SMS kwenda 15040, na kwa *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Uso kwa uso

Nane Nane pale Nyamhongolo ni nafasi nzuri ya kukutana na wale ambao mmeandikiana tu. Wiki tatu kabla ya Agosti 8 pitia daftari uone nani atakuwa na banda au atakuja, umwandikie siku na saa, si “tutaonana”. Chapisha msimbo wa QR wa WhatsApp yako, uulaminishe ukubwa wa kitambulisho, uuvae. Mtandao ukielemewa na umati, mtu atapiga picha ya msimbo ausome jioni. Ukipokea namba, andika palepale kwenye jina: kazi, banda, mlizungumza nini. Jioni ileile watumie wote ujumbe wenye kitu kimoja mlichokitaja. Namba ambayo hukumbuki uliichukua kwa sababu gani, ifute.